Mguu wa Darini

Wa kwanza kugundua kwamba darini kuna kitu alikuwa mama mkwe wangu, na alikigundua kwa pua. Alikuwa amerudi kutoka Korogwe kwa wifi yangu, alikokaa tangu baada ya Idi. Aliingia sebuleni, akavua baibui, akavuta hewa, akaguna.

"Nyumba hii inanuka Amboni."

Mume wangu akacheka. "Mama, Amboni iko kule, sisi tuko Ngamiani."

"Nimesema inanuka. Sikusema imehamia."

Kwa asiyejua, mapango ya Amboni yako kilomita kama nane kaskazini mwa mji wa Tanga. Ni mapango ya mawe ya chokaa, ndani giza tupu, na watu wamekuwa wakienda humo kutambika tangu enzi za mababu. Mama mkwe kazaliwa upande ule. Kwake yeye Amboni si mahali pa watalii, ni mahali pa kuingia kwa hodi. Basi aliposema nyumba inanuka Amboni, sote tulisikia neno mizimu, ambalo hakulitamka, na hakuna aliyesikia neno harufu, ambalo alilitamka. Usiku ule ule akaomba chetezo na ubani chumbani kwake. Hapo mjadala ukafungwa: bibi ana mambo yake.

Mimi sikunusa kitu. Nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba pua hushtushwa na harufu inayoingia, si inayokaa. Harufu ikidumu, hisia hiyo hufifia, ili pua ipate nafasi ya kunusa kitu kipya. Muuza samaki wa Deep Sea akipanda daladala, abiria wote wanajua katokea wapi isipokuwa yeye. Nyumba ambayo imeanza kunuka kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, wenyeji wake ndio wa mwisho kujua. Anayefaa kuulizwa ni yule aliyetoka Korogwe.

Wa pili alikuwa baba watoto, naye alisikia. Kwakwaru, kwakwaru, juu ya kitanda chetu, karibu na adhana ya alfajiri.

"Panya," akasema.

Kwa mume wangu kitu kikishapewa jina, uchunguzi umekwisha.

Wa tatu alikuwa kitinda mimba wetu, wa darasa la tatu, aliyetangaza mezani kwamba darini kuna vifaranga vinagombana. Aliambiwa ale. Nami kwa macho yangu nilikwisha ona madoa ya kahawia ukutani, nje, chini ya fishabodi, nikayaweka kwenye orodha ya mambo ya kumwambia fundi, baada ya bomba la jikoni. Kwa hiyo ushahidi wote ulikuwamo nyumbani. Ulikuwa tu umegawanywa kwa watu wasiosikilizana.

Sumu tuliikataa, maana panya akifia darini ni balaa la pili. Mtego nao ungetaka mtu wa kupanda kila siku. Baba watoto akaenda mjini, akarudi na kijiboksi cheupe chenye meno ya kuchomeka kwenye soketi na kijitaa cha kijani. Shilingi 35,000. Kinatoa sauti kali mno, akatueleza, sauti ambayo panya hawezi kuivumilia, atafunga virago mwenyewe. Nikauliza mbona hakilii. Akanitazama kwa huruma.

"Wewe hukisikii. Panya anakisikia."

Ndivyo muuzaji alivyomwambia, na lazima niseme kwamba katika biashara sijapata kusikia sentensi tamu kama hiyo. Anayekuuzia redio, redio isipoimba utairudisha. Anayekuuzia pasi, nguo itasema. Anayekuuzia kimya humrudii na lolote, kwa sababu kimya ndicho ulichonunua, na umekipata.

Ubaya ni kwamba sentensi yenyewe haikuwa uongo mtupu. Sikio la mtoto mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Chini ya hapo tembo huongea wao kwa wao na sisi hatuna habari. Juu ya hapo mbwa huendelea kusikia hadi 45,000 hivi, paka hupita 60,000, panya hukaribia 80,000, na wako popo wanaovuka 100,000. Mwingereza Francis Galton alilijua hilo mwaka 1876, alipotengeneza kijifirimbi cha sauti nyembamba kupita kiasi. Alikifunga kwenye ncha ya fimbo yake ya kutembelea, akawa anazunguka kwenye bustani ya wanyama ya London, anakisogeza karibu na kizimba, anabonyeza, anatazama nani kainua masikio. Aliyewashinda wengine alikuwa paka. Kwa hiyo kwamba dunia ina kelele tusizozisikia ni jambo la kweli kabisa, na ndiyo maana ni mahali pazuri pa kufungua duka.

Baba watoto alikuwa na imani ya ziada kwamba panya ni mnyama mjinga. Nilimkumbusha Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu 71, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamvisha medali ya dhahabu. Ukoo wenye watu kama hao hautishwi na kijitaa cha kijani. Akajibu kwamba wa kwetu hawajasoma.

Kifaa kikachomekwa sebuleni. Kesho yake binti yetu wa kidato cha tatu akahamishia daftari zake barazani.

"Mama, kile kitu kinapiga kelele."

"Kelele gani?"

"Tiiiii. Kinaniingia kwenye meno."

Baba yake akasema ni visingizio vya kukimbia hesabu. Mimi nikakaa kimya, nikitega sikio. Nilisikia friji, nikasikia pikipiki barabarani, nikasikia mama mkwe akivuta tasbihi. Tiiiii sikuisikia. Paka wetu naye akahamia kwa jirani jioni ile ile. Baba watoto akafurahi: paka kaondoka kwa kuwa panya wameisha, sasa ale nini?

Binti si mtu wa kushindwa. Alitafuta kwenye simu programu inayotoa mlio mmoja unaopanda taratibu, akatupanga wote kwenye sofa, akasema kila mtu ainue mkono akiwa anasikia, aushushe mlio ukikoma. Mama mkwe alishusha mapema akasema hakuna kitu hapo, mnajichosha. Baba watoto, aliyekula ujana wake kwenye karakana ya mashine bila kuziba masikio, alikwama kwenye 10,000 akadai simu imeharibika. Mimi nilivuka 13,000 kisha nikaachwa. Wakaendelea binti na ndugu yake tu, nyuso zao zimekunjamana kwa kitu ambacho sisi wazazi tungeapa mbele ya hakimu kwamba hakipo.

Hiyo haina muujiza. Ndani ya sikio kuna mrija uliojikunja mithili ya konokono, na humo zimo seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio. Zinazopokea sauti nyembamba zimewekwa mlangoni kabisa, kwa hiyo kila kishindo kinachoingia kinapita kwao kwanza, na ndizo zinazokufa mwanzo. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa hiyo kila siku ya kuzaliwa tunapunguziwa kipande cha dunia kutoka juu, na kwa kuwa kinaondoka kimya hatudai. Huko Wales mtu mmoja aitwaye Howard Stapleton alilifanyia biashara mwaka 2005: aliunda kifaa cha kufukuza vijana wanaozurura mbele ya maduka, kikilia kwenye mitetemo kama 17,000, mahali ambapo kijana anateseka na mwenye duka hana habari. Vijana nao wakaichukua sauti hiyo wakaifanya mlio wa simu darasani, mwalimu asisikie. Sisi huku simu shuleni ni marufuku, na kwa mara ya kwanza niliishukuru wizara.

Kitinda mimba alikuwa bado ameinua mkono. 18,000. 19,000. "Nasikia," anasema. Dada yake akazima simu kimya kimya. "Nasikia bado," anasema. "Imepanda sana."

Tulicheka mpaka mama mkwe akafuta machozi, lakini binti hakucheka. Alikuwa ameona kitu. Akamtuma mdogo wake nyuma ya pazia, kwenye soketi, akimwagiza awashe na kuzima kile kijiboksi apendavyo, na azibe kijitaa kwa kidole. Yeye akakaa ametupa mgongo. "Imewashwa. Imezimwa. Imezimwa bado. Imewashwa." Hakukosa hata mara moja. Baba yake, aliyekuwa hakimu wa jaribio, aliinuka akaenda kuchungulia kama kuna kioo.

Kwa hiyo kifaa kilikuwa kinalia kweli. Ila kwa bei yake na ubora wake kilikuwa kinalia chini kuliko kilivyoandikwa kwenye boksi, mahali pa kumtesa binti wa kidato cha tatu. Iwapo panya angejali ni suala jingine. Huko Marekani tume ya serikali ya biashara iliandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya namna hii mwaka 2001, kwamba wanayoyatangaza lazima yawe na uthibitisho wa kisayansi. Majaribio yalikwisha onyesha kwamba panya wakishtuka hushtuka kidogo, halafu huzoea. Pua ya binadamu na sikio la panya, hapo ni ndugu.

Baba watoto hakukubali kwa barua za Marekani. Akamwaga unga sakafuni usiku, pembe zote za sebule na jikoni, ili asubuhi tuone nyayo. Asubuhi unga ulikuwa laini, haukuguswa.

"Si mnaona? Hakuna panya!"

"Na juu?"

Juu, kwakwaru, kwakwaru.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tumekwama wapi. Unga usio na nyayo ulikuwa ushahidi kwamba kifaa kinafanya kazi. Ungekuwa na nyayo, ingekuwa ushahidi kwamba panya wanakimbia hovyo kwa maumivu, kwa hiyo kifaa kinafanya kazi. Unga huohuo ungelala vivyo hivyo kama nyumba haijapata kuona panya tangu ijengwe, na jibu hilo, lililokuwa rahisi kuliko yote, halikuwa na mwanasheria. Mama mkwe upande wake hali ilikuwa hiyo hiyo. Ubani ukipunguza kelele, jini kasikia. Kelele zikizidi, jini kakasirika. Wakawa wanakaa mezani, mama na mwana, kila mmoja na mgeni wake asiyeonekana, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kuamini vitu visivyo na ushahidi.

Mama mkwe akaamua kisomo. Alhamisi, baada ya Magharibi, aitwe Maalim, ambaye ni kaka yake wa baba mdogo, na wazee wachache. Nikapika kashata, nikaagiza halua, buli la kahawa likawekwa tayari. Baba watoto akaona heshima yake inauzwa. Alitaka kabla Maalim hajafungua kitabu awe ameshuka na panya mkononi, mzima au maiti. Jua likielekea kuzama akavuta ngazi mpaka korido, akafungua tundu la dari, akapanda na tochi na kandambili zake za bluu. Nikamwambia avae viatu. Hakusikia, sauti yangu nayo nadhani iko juu ya 10,000.

Maalim akafika mapema. Wakakaa kwenye mkeka, sinia la halua katikati, na mama mkwe akaanza kumweleza habari ya harufu. Maalim ni mtu mtulivu. Hakukataa jini wala hakumkubali. Alisema binadamu asiharakie kuyashuhudilia macho yake, na akatolea mfano wa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake cha al-Munqidh anaeleza jinsi shaka ilivyompata juu ya hisia zake mpaka akaugua nayo karibu miezi miwili. Unautazama uvuli, unaamini umesimama. Rudi baada ya saa moja, umesogea, nawe hukuuona ukitembea hata kidogo. Unaitazama nyota, unaiona ndogo kadiri ya dinari. Kumbe hesabu za wanajimu zinasema ni kubwa kuliko—

Dari ikasema *paaa*.

Ujue kwamba darini mtu anatembea juu ya mbao za kenchi. Jipsamu haikuumbwa kubeba mwanamume wa kilo tisini. Ukungu wa chokaa ulishuka, ukafuatiwa na mguu mmoja mzima, kuanzia pajani, ukaning'inia juu ya sinia, ukitikisika, na kandambili ya bluu ikining'inia kwenye kidole gumba. Ikaanguka kwenye halua.

Sote tuliutazama mguu mmoja, na nina hakika hatukuona kitu kimoja. Mama mkwe alipiga *audhubillahi*, akajifunika ushungi usoni, na mpaka leo anasema kwamba kwa muda ule aliona kwato. Mzee mmoja aliona dari inaporomoka, akaokoa buli la kahawa. Binti aliona video, simu ilikuwa imekwisha inuliwa. Mimi niliona suruali niliyoipiga pasi asubuhi. Maalim, nadhani, aliona mguu. Na kitinda mimba akauliza kwa sauti, huku akitazama juu:

"Baba! Vifaranga vinaruka?"

Vilikuwa vinaruka. Kwenye tundu kando ya paja kikapenya kitu cheusi, kikazunguka sebule mara mbili bila kugusa pazia wala feni wala vichwa vya wazee, kikatokea mlangoni. Kikafuata kingine. Juu tulisikia baba watoto akitukana kwa heshima, maana alijua Maalim yuko chini.

Tulimshusha, tukampaka dawa. Zaidi ya mchubuko na fedheha hakuumia. Lakini pamoja naye kilikuwa kimeshuka kitu kingine, nacho ndicho kilichoimaliza kesi: chembe ndogo nyeusi, nyingi, zimetapakaa juu ya halua na mkeka. Mama mkwe akasema ni mavi ya panya, akimuunga mkono mwanawe kwa mara ya kwanza. Nikachukua karatasi, nikaibana chembe moja na kuisaga, polepole, vumbi lake lisipande, kwa kuwa huweza kuwa na kuvu inayodhuru mapafu. Mavi ya panya yakikauka huwa magumu. Hii ilivunjika ikawa unga, na ndani ya unga kukawa kunametameta: vipande vya mbawa na magamba ya wadudu. Nikampelekea Maalim karatasi. Akavaa miwani.

"Huyu anakula mbu na nondo," nikasema. "Ni popo. Wale wadogo wanaopenda kulala chini ya mabati ya moto. Wanapita kwenye upenyo wa upana wa kidole, pale kwenye fishabodi yenye madoa."

Mama mkwe akatoa ushungi usoni. "Amboni," akasema. Hakuongeza neno. Mapango yale yamejaa popo, na kila aliyeingia humo anaijua harufu yao. Pua yake ilikuwa imetaja jibu siku ya kwanza, kabla hajaketi.

Jirani yetu mmoja, Mpemba, aliyevutwa na kishindo, alisikia neno popo akakumbuka mwaka 1995 na hofu ya popobawa visiwani, watu wakilala nje makundi makundi. Tukampa kahawa yake mlangoni, yasije yakaanza mengine.

Kisomo kilisomwa, kwa shukrani sasa kwamba mtu hakuvunjika. Halua ilitupwa. Wakati wa kula Maalim akauliza swali zuri: hawa viumbe katika giza lile wanaonaje njia? Nikamwambia swali lake lilimsumbua padri mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, mwaka 1793. Alikuwa na bundi ndani ya nyumba. Alipozima mshumaa kabisa bundi akawa anagonga kuta, lakini popo akaendelea kuruka vizuri. Akawapofusha popo, jambo la kikatili, wakaendelea kuruka, na alipowakamata tena baadaye matumbo yao yalikuwa yamejaa wadudu. Daktari wa Geneva, Louis Jurine, akawaziba masikio. Hapo popo wakaanza kugonga kila kitu. Spallanzani akarudia jaribio, akapata vilevile: popo anaona kwa masikio.

"Basi wakajua," Maalim akasema.

Wala. Walimcheka. Anasikia nini, ikiwa anaruka kimya? Hakuna mtu aliyesikia sauti yoyote kutoka kwa popo arukaye, kwa hiyo sauti haikuwapo. Mfaransa mkubwa wa elimu ya wanyama, Georges Cuvier, akasema mwaka 1795 kwamba ni mguso tu wa mabawa, na dunia ikamfuata Cuvier. Mpaka mwaka 1938, pale Harvard, mwanafunzi Donald Griffin alipobeba kizimba cha popo mpaka kwa mwanafizikia George Washington Pierce, aliyekuwa na mtambo wa kushusha sauti nyembamba hadi masikio ya watu yaipate. Wakaelekeza mtambo kwenye kizimba, na popo walioitwa mabubu kwa karne nzima na nusu walikuwa wanapiga makelele.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza, kipande cha mkate mkononi.

"Kwa hiyo yule wa masikio walimfanyia mlivyonifanyia mimi wa pua."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Baba watoto akaomba chumvi.

Nimeliwaza jambo hili zaidi ya ukubwa wake. Sebuleni kwetu kulikuwa na sentensi moja ikisemwa na watu tofauti: hukioni, hukisikii, lakini kipo. Muuzaji aliisema, mama mkwe aliisema, Spallanzani angeisema. Kwa masikio haina tofauti, kwa mdomo haina tofauti, na mtu anayejigamba kwamba yeye haamini asichokiona angewatimua wote watatu, akamtimua na mkweli. Aliye tayari kuamini wote naye atalipa 35,000. Kilichowatenganisha ni kwamba popo alikuwa ameacha kitu upande wetu wa mpaka, kitu cha kushika, kusaga na kubishania, na kitu hicho kingeweza kunikana: kingekuwa kigumu, ningenyamaza. Kifaa hakikuacha upande wetu ila kijitaa. Tangu hapo nina heshima kubwa na mavi.

Mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika makala mashuhuri mwaka 1974 akiuliza kuwa popo kunakuwaje kwa popo mwenyewe. Alisema hata ukijidhania unaning'inia kichwa chini mchana kutwa, unachojua ni jinsi ingekuwa kwako wewe, siyo kwake. Namkubali, ila naona alikwenda mbali bure. Nimeishi na mama mkwe nyumba moja tangu niolewe, na sijui harufu ya vitunguu vyangu inakuwaje ndani ya pua ile.

Jioni zilizofuata tukawa tunatandika mkeka uani kuwatazama wakitoka. Hushuka kwenye upenyo mmoja mmoja, wanajiachia kwanza, kisha mbawa zinafunguka. Baba watoto huhesabu thelathini na kitu, mtoto huhesabu mia, na binti huthibitisha kwamba wote wawili hawajui kuhesabu. Kitinda mimba husema anawasikia, na sasa dada yake humpima kwanza, amezibwa macho. Mara nyingi anasema kweli.

Fundi alikuja na wavu. Nilimkatalia kuziba palepale, maana watoto wa popo wangebaki ndani wakafa, na tungerudi kwenye harufu ambayo hata mimi ningeinusa. Tukangoja mpaka walipoweza kuruka. Kisha akatundika wavu juu ya upenyo, ukaachwa wazi chini: anayetoka hudondoka nje, anayerudi hapati mlango. Walipokwisha, akapiga fishabodi mpya, akabadilisha jipsamu, akaandika hesabu iliyomfanya baba watoto aisome mara mbili. Mama mkwe alizungukia vyumba vyote akinusa, akasema kwetu sasa kunanuka rangi.

Kile kijiboksi cheupe binti alikichomoa, akakiweka juu ya kabati. Jirani yule Mpemba alikiona, akauliza ni nini. Mume wangu akamweleza kwa kirefu, na nilipofungua mdomo akanikanyaga mguu. Jirani akaondoka nacho kwa 20,000. Wiki iliyofuata nilimkuta dukani, uso umemnawiri.

"Mwalimu, kile chombo kizuri mno. Hata mmoja sijamwona."

"Kwani kwako panya walikuwako?"

"Hapana," akasema. "Na sasa hawatakuja."